Sensa ndogo za nafasi finyu: zipi zinafaa mashine za viwanda vya Mombasa

Kwenye mashine ya kufungia pakiti za chai, nafasi kati ya mnyororo unaosukuma pakiti na bati la pembeni mara nyingi haizidi upana wa kidole. Hapo hapo ndipo mashine inapotaka kujua kama pakiti imefika. Ndivyo ilivyo pia kwenye njia ya vifuniko vya chupa za maji, kwenye roli la lebo, na kwenye silinda fupi ya hewa inayosukuma makopo ya mafuta ya kupikia. Fundi mchundo wa Shimanzi, Changamwe au Miritini hufungua katalogi, akaona sensa yenye unene wa milimita 3.5, akaagiza. Ikifika, mwili wake unaingia vizuri, ila kebo haina pa kupindia na bisibisi haifiki kwenye skrubu.

Ndiyo maana hapa tunazipima sensa hizi kwa kigezo kimoja kabla ya vyote: nafasi halisi inayoliwa, yaani mwili pamoja na brakti (kishikizo chake), kona ya kebo, na mkono wa yule atakayekuja kuipangusa vumbi. Kigezo cha pili ni hewa ya Mombasa, yenye unyevu na chumvi mwaka mzima, iliyochanganyika na vumbi la chai, unga au saruji kutegemea kiwanda.

Kwa vigezo hivyo, faiba ya plastiki (uzi unaopitisha mwanga) yenye amplifaya (kifaa kinachotoa na kusoma mwanga huo) ndani ya paneli tunaiweka ya kwanza. Panasonic EX-10, sensa ya mwanga yenye mwili mwembamba, ni ya pili. Proksi ya M8 (sensa inayohisi chuma bila kukigusa, yenye mwili wa uzi wa milimita 8) haina mpinzani pale kitu kinapokuwa cha chuma. Sensa ya umbo la U kama Omron EE-SX67 ni nzuri sana, lakini kwa sehemu kavu tu. Omron E3Z, ambayo mafundi wengi wameizoea, tumeiweka kama kipimo cha kulinganishia.

Pima kabla ya kuagiza

E3Z ina upana wa milimita 10.8, kina cha 20 na urefu wa 31. Kwa sensa ya mwanga ya kawaida hiyo ni ndogo. Lakini ukiongeza brakti ya bati na konekta ya M8 inayotokea nyuma au chini, unahitaji nafasi inayokaribia maradufu ya ile iliyoandikwa. Tatizo la pili la E3Z kwenye nafasi finyu ni la mwanga wenyewe. E3Z-R81, inayotumia rifleta (kipande kinachorudisha mwanga kwenye sensa), inataka rifleta ya E39-R1S ikae angalau milimita 100 mbali nayo. Ikisogezwa karibu zaidi ya hapo, usomaji wake hauaminiki. Na E3Z-T81, yenye kitoa mwanga na kipokezi, imeundwa kufika mita 15. Ukiifunga ng'ambo na ng'ambo kwa milimita 60, mwanga wake una nguvu ya kupenya karatasi ya pakiti, na sensa itadai njia ni tupu wakati pakiti ipo. Kuna kirekebishi cha nguvu kwenye kipokezi. Kipunguze mpaka karatasi moja ikatize mwanga, ndipo uendelee.

Kipimo kizuri ni kukata kipande cha mbao au kadibodi ngumu chenye vipimo vya sensa, ukakitoboa na kupitisha waya wenye unene wa kebo yenyewe. Kiweke mahali pake, kisha zungusha mashine kwa mkono mzunguko mzima, umeme ukiwa umezimwa na hewa imetolewa. Mnyororo hucheza, mkanda huhama pembeni, na silinda hupita kidogo pale inapogonga. Nafasi ya milimita 12 mashine ikiwa imesimama inaweza kuwa 8 ikitembea. Kwa kebo, kanuni ya kazini ni hii: iliyotulia isikunjwe kwa duara lenye nusu kipenyo chini ya mara nne ya unene wake, na inayotembea na mashine isishuke chini ya mara kumi. Kebo ya milimita 2.5 iliyotulia inataka milimita 10 za kupindia. Mashine nyingi zinashindwa kutimiza hilo, na hapo ndipo waya wa ndani hukatika huku ganda la nje likionekana zima.

Piga pia hesabu ya mwendo. Alama ya milimita 3 kwenye karatasi inayopita kwa mita 0.5 kwa sekunde hukaa mbele ya sensa kwa milisekunde 6 tu. Sensa itaiona bila shida. PLC, kompyuta ndogo inayoendesha mashine, ndiyo itakayoikosa: Siemens S7-1200 hutoka kiwandani ikiwa na kichujio cha milisekunde 6.4 kwenye kila ingizo, kinachopuuza ishara fupi kuliko hapo. Sensa nyingi nzuri zimeng'olewa na kutupwa kwa kosa la kichujio hicho. Kishushe kwenye programu kabla ya kulaumu kifaa.

Panasonic EX-10

Huu ndio mwili mdogo kuliko yote tunayoizungumzia yenye elektroniki ndani yake: unene milimita 3.5, upana 10, urefu 14.5. Inatumia volti 12 hadi 24 DC na ina kinga ya IP67, yaani haipitishi vumbi na huvumilia kuzama majini kwa muda mfupi. Mwanga wake ni mwekundu unaoonekana kwa macho, jambo linalorahisisha sana kulenga kwenye pango lenye giza ndani ya mashine: weka kipande cha karatasi nyeupe mbele ya kipokezi, sogeza brakti mpaka doa jekundu likae katikati.

EX-11 hufika milimita 150 na huona kitu chenye kipenyo cha milimita 1. EX-13 hufika milimita 500, na kitu kidogo inachokiona ni cha milimita 2. EX-14 ni ya kuakisi, mwanga unaelekezwa kwenye umbali mfupi wa milimita 2 hadi 25, nayo inafaa pale ambapo upande wa pili hauna pa kufunga kitu. Kwa njia ya vifuniko au vidonge tungechagua EX-11. EX-13 tuiache kwa njia pana, kwa kuwa nguvu ya ziada kwenye umbali mfupi huleta matatizo yale yale ya E3Z.

Soma herufi za mwisho kwa makini, kwa sababu sensa hii haina swichi wala kirekebishi. A ni ile inayotoa ishara mwanga unapofika, B ni ile inayotoa ishara mwanga unapokatika, na -PN mwishoni ni PNP, yaani ishara yake hutoa chanya. Bila -PN ni NPN, ambayo ishara yake huunganisha na sifuri. Ukikosea herufi, hakuna la kugeuza kwenye sensa. Utageuza kwenye programu au utaagiza upya.

Ukosefu wa kirekebishi ndio udhaifu wake mkubwa. Chupa ya plastiki angavu haiwezi kuikatiza vizuri, maana mwanga mwekundu unapita katikati ya chupa ukiwa na nguvu karibu yote. Utapata ishara kwenye shingo na kwenye kitako, katikati hamna kitu, na PLC itahesabu chupa moja kama mbili. Kwa chupa angavu tumia sensa iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, kama E3Z-B yenye rifleta, au faiba ambayo kizingiti chake (kiwango cha mwanga kinachobadili ishara) unaweza kukiweka kwa namba.

Udhaifu wa pili ni ufungaji. Skrubu zake ni za M2, na mwili ni plastiki. Kaza kwa bisibisi ndogo ya vidole viwili, weka washa (kipete cha chini ya skrubu), na usitumie drili ya betri. Mwili uliokazwa kupita kiasi hupata ufa mwembamba usioonekana, na hiyo IP67 imekwisha siku hiyo hiyo. Unyevu wa pwani huingia, na wiki kadhaa baadaye sensa huanza kutoa ishara ovyo asubuhi na kutulia mchana mashine ikipata joto. Ukiona dalili ya asubuhi na mchana, tafuta ufa.

Ishara yake hubeba miliampea 50 mwisho. Relei (swichi inayoendeshwa kwa koili ya umeme) ndogo ya kawaida kama Omron MY2N ya volti 24 DC huvuta karibu miliampea 37, kwa hiyo moja inakubalika na mbili haziwezekani. Kwenye koili ya relei funga dayodi ya 1N4007, upande wenye mstari ukielekea chanya. Bila dayodi, kila relei inapozima hurudisha mshtuko wa umeme kwenye sensa.

Zikikaa jozi mbili karibu karibu, usiweke vitoa mwanga vyote upande mmoja. Jozi ya kwanza kitoa mwanga kiwe kushoto, ya pili kiwe kulia, ili kipokezi kimoja kisipate mwanga wa jirani.

Sensa za U

Omron EE-SX67 na Autonics BS5 zina mwanya wa milimita 5. Kitoa mwanga na kipokezi vimekaa kwenye mwili mmoja, kwa hiyo hakuna kulenga. Zote mbili zinatumia volti 5 hadi 24 DC. EE-SX670 ni ya umbo la kawaida, 671 ni ya L, 672 ni ya T, na herufi P huonyesha PNP. Kwa kuhesabu meno ya gurudumu, kujua silinda imerudi, au kupata mahali pa sifuri kwenye mhimili, hakuna sensa ya bei hiyo inayoishinda kwa usahihi. Huona kitu chenye upana wa milimita 2 kwa 0.8, na hufuata mabadiliko 1,000 kwa sekunde.

Miguu yake ni minne, na mmoja umeandikwa L. Ukiuacha mguu wa L bila kitu, ishara hutoka mwanga unapokatika. Ukiuunganisha na chanya, ishara hutoka mwanga unapopita. Nunua konekta yake, EE-1001 ya kuchomelea au EE-1010 iliyokwisha kuwa na waya. Kuchomelea waya moja kwa moja kwenye miguu kwa joto kubwa hulegeza plastiki inayoshika miguu hiyo, na baada ya hapo mtikisiko wa mashine unamaliza kazi.

Ulimi unaopita kwenye mwanya uwe wa bati, si wa plastiki nyeupe. Mwanga wa sensa hii ni infraredi, na plastiki nyingi zinazoonekana nzito kwa macho huupitisha. Bati la milimita 1 lililopakwa rangi nyeusi isiyong'aa linatosha. Liweke katikati ya mwanya, na uangalie mtikisiko: ulimi unaocheza milimita 2 kila upande ndani ya mwanya wa 5 utafika siku ugonge.

Sasa ubaya wake, nao kwetu ni mkubwa. Kinga ya EE-SX67 ni IP50. Maana yake inavumilia vumbi kiasi, na maji haiyajui kabisa. Miguu iko wazi, na kwenye hewa ya chumvi huota kutu ya kijani kati ya mguu na mguu. Vumbi la chai likichanganyika na unyevu wa masika hugandamana ndani ya mwanya kama utando, na sensa huona ulimi usiokuwepo. Ndani ya kasha lililofungwa, kwenye mashine iliyo katika chumba chenye kiyoyozi, ifunge bila wasiwasi. Kwenye njia inayooshwa kwa maji, iache. Hapo tumia U ya mwili wa alumini kama SICK WF, yenye IP65 na mianya kuanzia milimita 2 hadi 225. Bei iko juu, lakini inafanya kazi ile ile bila kuogopa mpira wa maji. Autonics BUP-30, yenye mwanya wa milimita 30, ni ya katikati kwa pakiti ndogo.

Proksi ya M8

Kwa chuma, acha mwanga kabisa. Proksi haijali vumbi, mafuta wala giza. Autonics PR08-1.5DN ni mfano unaojulikana: uzi wa M8, umbali wa milimita 1.5, NPN, na inaweza kuzamishwa mpaka usoni ndani ya chuma. Ndugu yake wa milimita 2, PR08-2DN, haizamishwi. Kichwa chake lazima kitoke nje na kiwe na nafasi tupu pande zote. Wengi huinunua ya milimita 2 kwa kutamani umbali zaidi, wakaizamisha, nayo ikawaka muda wote kwa sababu inaona ukuta wa tundu lake yenyewe.

Namba ya 1.5 ni ya chuma laini, kipande cha mraba cha milimita 8 kwa 8 chenye unene wa 1. Kiwango cha kimataifa cha IEC 60947-5-2 kinahakikisha asilimia 81 tu ya namba hiyo baada ya kuhesabu joto na tofauti za volti, yaani milimita 1.2. Kwa chuma kisichoshika kutu zidisha kwa takriban 0.7: umebaki na 0.85. Kwa alumini zidisha kwa takriban 0.4: umebaki na nusu milimita, na beringi iliyochoka tayari inacheza zaidi ya hapo. Kwa hiyo ulimi wa proksi uwe wa chuma laini hata kama mashine yote ni ya alumini. Kipande kidogo cha bati kilichofungwa kwa skrubu mbili kinakupa umbali wako wote.

Acha milimita 4.5 au zaidi kati ya uso wa proksi na chuma kingine chochote kilicho mbele yake nyuma ya ulimi. Unga wa chuma kutoka kwenye mnyororo unaosuguana hukusanyika usoni na kuiwasha. Ipanguse kila unapopaka mnyororo mafuta. Nati zake mbili zikazwe kwa spana fupi. Mwili wa M8 ni bomba jembamba, na mkono mzito huupinda.

Kwa pwani uliza mwili ni wa nini. Brasi iliyopakwa nikeli ni ya kawaida na inatosha ndani ya jengo. Kwenye viwanda vya samaki au sehemu zinazooshwa kwa klorini, lipia chuma kisichoshika kutu.

Faiba

Hapa ndipo pesa ya kiwanda cha Mombasa inapopata thamani yake. Kinachokaa ndani ya mashine ni uzi wa plastiki wenye kichwa cha M3, M4 au M6, au hata kijiti cha milimita 2 kisicho na uzi. Hakuna umeme pale, hakuna mguu wa kuota kutu. Elektroniki yote iko kwenye amplifaya iliyofungwa juu ya reli ya milimita 35 ndani ya paneli, penye ukavu, penye mwanga, na penye macho ya fundi. Sensa ikisumbua, husomi taa ndogo ukiwa umelala chini ya mkanda. Unasoma namba ukiwa umesimama.

Amplifaya mbili tunazozipendekeza ni Autonics BF5 na Omron E3X-HD. BF5 ni nafuu na ina onyesho la namba mbili, moja ya mwanga unaoingia na moja ya kizingiti. E3X-HD ina kitu kimoja tunachokithamini sana kwa hali yetu: uwezo wa kujirekebisha kadiri vumbi linavyopunguza mwanga. E3X-HD11 ni NPN na HD41 ni PNP. Kasi yake ya kawaida ni milisekunde 1, na inaweza kushushwa hadi karibu mikrosekunde 50, ingawa kadiri unavyoongeza kasi ndivyo umbali unavyopungua. Kwa mashine ya kufungia pakiti, iache kwenye milisekunde 1.

Chagua faiba ya pande mbili kila inapowezekana, kama FT-420-10 ya Autonics yenye kichwa cha M4. Ile ya kuakisi, kama FD-620-10 ya M6, ni rahisi kufunga lakini hutegemea rangi na mng'ao wa kitu. Pakiti ya dhahabu na pakiti ya kahawia zitakupa namba mbili tofauti kabisa, na kila bidhaa mpya itataka kurekebishwa upya.

Kukata ndiko wengi wanakokosea. Faiba huja na kikataji chake kidogo cha plastiki chenye matundu kadhaa. Kila tundu ni la kukata mara moja tu, kwa sababu wembe wake hupoteza makali na mkato wa pili huacha uso wenye mikwaruzo. Ingiza faiba, bonyeza kwa nguvu moja bila kusita. Usitumie koleo, wala mkasi, wala kisu cha karatasi. Mkato mbaya hupunguza mwanga kabla ya kazi kuanza, nawe utautafuta ugonjwa kwenye kichwa kumbe uko kwenye paneli. Baada ya kukata, fungua kifuniko cha amplifaya, inua kilinzi, sukuma faiba mpaka iguse mwisho, kisha teremsha kilinzi. Pima kina kilichoandikwa kwenye maelezo na uweke alama ya kalamu kwenye faiba. Faiba isiyofika mwisho huwa inafanya kazi leo na kukataa kesho. Nyuzi nyembamba za milimita 1 zinataka adapta yake. Na kwenye faiba ya kuakisi yenye uzi mmoja katikati uliozungukwa na mingine, ule mmoja ndio wa kitoa mwanga.

Kupinda kuna masharti. Faiba ya kawaida yenye ganda la milimita 2.2 inataka nusu kipenyo cha takriban milimita 25. Kwa kona kali agiza aina laini, inayokubali milimita 4 au hata 1. Hii ndiyo tofauti inayoamua kama sensa inaingia au haiingii, na muuzaji hataitaja usipomuuliza. Usifunge faiba kwa kamba ya plastiki ya waya na kuikaza mpaka ganda liingie ndani: kila mbano ni mwanga uliopotea. Iache ilegee kidogo.

Kuweka kizingiti ni kazi ya dakika chache. Bonyeza kitufe cha kufundisha njia ikiwa tupu, weka pakiti, bonyeza tena. Tuseme tupu inasoma 3,200 na pakiti inasoma 400. Kizingiti kitakaa karibu na 1,800. Andika namba hizo tatu kwa kalamu ya wino usiofutika ndani ya mlango wa paneli. Siku tupu itakaposoma 2,400, bado mashine haijasimama, lakini unajua vichwa vinataka kupanguswa. Hakuna sensa nyingine kati ya hizi inayokupa onyo la namna hiyo kabla ya kusimama.

Mipaka yake ni hii. Plastiki ya kawaida huvumilia hadi nyuzijoto 70 hivi, kwa hiyo karibu na taya za kuunguzia pakiti tumia faiba ya joto kali au ya kioo. Haiwezi kuungwa ikikatika. Na kwenye maghala ya chai na nafaka, panya huitafuna. Sehemu inayopita chini ya sakafu au nyuma ya paneli ipitishe ndani ya bomba la chuma la kujikunja.

NPN au PNP

Mashine nyingi zilizotoka Japani na Uchina zinatumia NPN, za Ulaya PNP. Tazama PLC kwanza. S7-1200 inakubali zote, kutegemea 1M (terminali ya pamoja ya maingizo) umeifunga kwenye sifuri au kwenye volti 24. Mitsubishi FX3U inakubali zote kupitia S/S, terminali yake ya pamoja: ukiifunga kwenye volti 24, unatumia NPN. Usichanganye aina mbili kwenye kundi moja la maingizo.

Kuijaribu sensa mezani: waya wa kahawia kwenye volti 24, wa bluu kwenye sifuri. Kwa PNP pima kati ya mweusi na bluu. Ikiwaka utaona karibu volti 24. Kwa NPN pima kati ya kahawia na mweusi. Ukipima NPN kati ya mweusi na bluu bila mzigo utaona namba zisizoeleweka, na sensa nzima itaonekana mbovu. Kwenye konekta ya M8 ya miguu mitatu, 1 ni kahawia, 3 ni bluu, 4 ni mweusi.

Chumvi na unyevu

IP67 ni ya mwili na kebo iliyotoka kiwandani. Konekta iliyofungwa nusu haina IP yoyote. Kaza mpaka mwisho, paka grisi ya umeme kwenye mpira wa ndani, na uache kebo ishuke chini kidogo kabla ya kupanda kwenye konekta ili maji yadondoke yasiingie. Sensa zinazotoka chumba baridi cha samaki au maua kwenda kwenye joto la nje hutota umande usoni. Mwanga hutawanyika, na faiba ya pande mbili yenye akiba kubwa ya mwanga ndiyo inayostahimili hali hiyo vizuri zaidi.

Brakti ya alumini yenye skrubu za chuma kisichoshika kutu huliwa kwenye hewa ya chumvi, alumini ikianza kumomonyoka kuzunguka skrubu. Washa ya nailoni kati yao inapunguza sana.

Panguza lenzi kwa kitambaa laini chenye maji na sabuni kidogo, kisha kikavu. Thina na petroli hupasua plastiki ya lenzi. Hewa ya kompresa isiyo na kichujio hupuliza maji na mafuta juu ya lenzi, na vumbi linalofuata hushika hapo vizuri zaidi kuliko mwanzo.

Kununua

Sensa nyingi hizi hazikai dukani Mombasa. Huagizwa Nairobi na kuja kwa gari la usiku, au kutoka nje kwa wiki kadhaa. Kwa hiyo usimwambie muuzaji unataka "sensa ndogo ya Omron". Mpe namba kamili mpaka herufi ya mwisho, na umwombe picha ya lebo ya sensa yenyewe, si ya boksi. Linganisha namba, volti na aina ya ishara. Lebo yenye maandishi yanayofutika kwa kidole chenye spiriti, au kebo isiyo na maandishi kabisa, irudishe.

Ukiagiza faiba, agiza kwa pamoja amplifaya moja, jozi mbili za faiba za aina laini, kikataji cha akiba, adapta kama uzi ni wa milimita 1, na bomba la chuma la kujikunja kwa urefu wa njia yako. Uliza urefu wa faiba: nyingi ni mita 2, na kutoka kwenye paneli hadi katikati ya mashine ya kufungia mita 2 mara nyingi hazitoshi. Kama njia ni ya mita 3, chukua ya 5 uikate.